Pikipiki Iliyolala Nasi Ndani

Harufu ya petroli iliyochanganyika na ya maharage yanayochemka haiwezi kumpendeza mtu mwenye akili timamu, lakini mimi ikinipita puani husimama. Hiyo ndiyo harufu ya nyumba yetu ya utotoni, na nyumba yenyewe ilikuwa na magurudumu sita. Ilikuwa lori kuukuu, moja ya yale yaliyokuwa yakibeba mahindi ya kambi ya Lukole. Wakimbizi wengi waliporudi kwao na kazi ikapungua, mwenye lori alilitupa chini ya miti hadi kuku wakataga mayai ndani ya kabini, na hapo ndipo baba alipolinunua. Mgongoni mwake alijenga chumba cha mbao, akakiezeka kwa bati, akakiwekea dirisha moja dogo ubavuni na mlango mpana kwa nyuma. Ndani mlikuwa na kitanda cha wazazi wangu, mkeka wangu, jiko la mkaa lililokaa juu ya kipande cha bati, sanduku la vifaa vya baba, na pikipiki. Nikiwasimulia wanafunzi wangu leo hudhani natania. Huniuliza pikipiki ilikuwa ikifanya nini chumbani, nami huwajibu kwamba ilikuwa inalala kama sisi.

Baba alikuwa fundi wa kutengeneza vyerehani. Wakati ule kila gulio la Biharamulo na Ngara lilikuwa na mafundi nguo wake waliopanga mashine zao barazani, na cherehani ni mnyama mwenye deko: kikipigwa vumbi la kiangazi kinaanza kuruka nyuzi, kikipigwa unyevu wa masika kinashika kutu. Baba aliligeuza hitaji hilo kuwa safari. Tulihama na lori mpaka kwenye gulio, tukaegesha wiki moja au mbili, kisha yeye akaishusha pikipiki na kwenda nayo vilimani ambako lori lisingeweza kupita, kuwafuata mafundi waliokuwa wakishonea majumbani. Alirudi jioni na vichwa vya vyerehani vimefungwa nyuma kwa mpira wa tyubu. Alipenda kusema kwamba lori ni tumbo na pikipiki ni miguu, na mtu asiye na miguu hata tumbo litamfia. Kuipandisha ilikuwa kazi ya familia nzima: baba alishika usukani, mama alisukuma kiti, mimi nilisukuma taa ya nyuma, tukapanda nayo juu ya ubao mpaka ndani. Ilisimama miguuni mwa kitanda, na mama aliianikia kanga zake kwenye mikono. Alikuwa akiiita mke mwenza. “Sogea huko,” aliiambia akipita na sufuria, “wewe hata kupika hujui.” Baba alicheka kila mara, hata kwa mzaha aliousikia jana yake. Nataka nikumbukwe nimesema hivyo, kwamba baba yangu alikuwa mtu wa kucheka.

Mama alikuwa na sharti moja tu juu ya mke mwenza huyo: asilale na petroli tumboni. Alisema yeye hawezi kufumba macho chumba kimoja na petroli, jiko la moto na koroboi, na kwa hilo hakuna aliyeweza kumbishia. Kwa hiyo kila jioni, kabla ya kuipandisha, baba alichomeka mpira kwenye koki ya tangi akaimwaga petroli yote ndani ya kidumu cha lita tano. Asubuhi mimi nilileta kidumu na faneli, yeye akairudisha. Kidumu kilitundikwa nje, chini ya bodi la lori, ambako palikuwa na kulabu mbili za chuma. Ya kushoto ilikuwa ya petroli, ya kulia ilikuwa ya mafuta ya taa. Vidumu vyote viwili vilikuwa vya njano, vya mafuta ya kula, vilivyofanana kama mapacha, na ndiyo maana mama alikifunga kile cha mafuta ya taa kitambaa shingoni, kipande cha kanga yake nyekundu iliyochakaa. Mtoto wa miaka tisa hahitaji maelezo zaidi. Chenye kitambaa ni cha taa, kisicho na kitambaa ni cha pikipiki.

Kuna jambo jingine la kueleza kabla sijafika nisikotaka kufika. Fedha ya lori ilitoka kwenye kibanja. Babu yangu aliacha kibanja kizuri cha migomba na kahawa upande wa Lukole, na baba, akiwa mwana wa kiume pekee, alirithi nusu ya chini. Akaiuza. Kwa watu wetu, Wahangaza wanaozaliwa na kuzikwa chini ya migomba ileile, aliyeuza kibanja amemuuza na babu yake. Bibi Yustina, mama yake, hakupiga kelele. Alimwambia tu kwamba migomba haina magurudumu, na kwamba asikanyage ua wake mpaka atakapomwita. Miaka minne ikapita. Kila tulipopita Ngara, baba aliegesha mbali akamtuma mtu ampelekee sukari na sabuni, na bibi alizipokea bila kurudisha neno. Mimi nilipelekwa kumsalimia mara mbili na shangazi, nikapiga magoti nikasema shikamoo, akaitikia marahaba, akanilisha, lakini hakuniuliza baba yangu yuko wapi. Wahenga walisema radhi ni bora kuliko mali. Baba alikuwa na lori, alikuwa na kazi na jina zuri sokoni, na bado niliwahi kumsikia akimwambia mama kwamba akipita barabara ile hujisikia kama mtu aliyefukuzwa ibadani.

Ilikuwa likizo ya mwezi wa sita. Shule zikifunguliwa nilikaa mjini Biharamulo kwa mama mkubwa, na likizo nilirudi kwenye magurudumu yangu nikiwa na furaha ambayo sijawahi kuipata tena katika nyumba yoyote. Tulianzia Bisibo, watu wakivuna mahindi na vumbi likiwa limekaa juu ya majani kama unga. Kisha tukaenda Nyamigogo, tukaegesha karibu na barabara ambayo magari ya Ngara hupita. Siku ya pili pale, lori lilipokuwa likisogezwa kukwepa jua, springi ya nyuma ikavunjika. Baba aliagiza nyingine kwa dereva mmoja, ikawa ni kungoja. Hakuhuzunika. Alisema miguu bado tunayo.

Nilikuwa na mtoto wa matambara niliyemwita Koleta. Mama ndiye aliyenishonea, kwa masalia ya vitambaa kutoka kwa mafundi, na macho yake yalikuwa vifungo viwili visivyolingana. Koleta alikuwa na gauni, lakini hakuwa na kilemba cha kwendea misa, na kwetu mwanamke hawezi kuingia kanisani kichwa wazi. Alasiri moja, mama alikuwa ameshaijaza koroboi akakirudisha kidumu mahali pake, baba yuko vilimani na petroli yake na kidumu kitupu cha kununulia nyingine, mimi nikaingia uvunguni mwa lori kufungua kile kitambaa chekundu. Fundo lilikuwa limekaza. Nikakishusha kidumu, nikakibana kwa magoti, nikalitafuna fundo kwa meno mpaka likaachia. Kisha nikakitundika kidumu kwenye kulabu iliyokuwa karibu nami. Ilikuwa ya kushoto. Nilijua ni ya petroli, lakini petroli ilikuwa vilimani na kulabu ilikuwa tupu, na nilipanga kukirudisha mahali pake nikishamvika Koleta. Alipendeza sana na kilemba chake. Nikasahau. Jioni baba alirudi, akamwaga petroli, akakitundika kidumu chake kwenye kulabu aliyoikuta wazi, akaja kula.

Kesho yake asubuhi basi la kutoka Ngara likasimama mbele yetu, jambo ambalo halikuwa kawaida, na konda akaruka chini. Alimfahamu baba, maana mke wake alikuwa fundi nguo.

“Shikamoo, fundi.”

“Marahaba. Kwema?”

“Si kwema sana. Nimetumwa na dada yako. Mama anakuita.”

Baba alikuwa amesimama na kikombe cha chai. Alikiweka chini polepole, akauliza kama ni mama mwenyewe aliyemwita au ni dada zake wanaomwitia.

“Ni yeye kwa mdomo wake,” konda alisema. “Mimi mwenyewe niliingizwa ndani nikamsikia. Amesema uje na hilo gari lako alione. Lakini, fundi, usichelewe. Hali yake si ya kungoja.”

Basi likaondoka kuelekea Mwanza. La kwenda Ngara lilikuwa limeshapita alfajiri, na jingine lingekuja siku inayofuata. Lori lilikuwa limepiga magoti kwa springi. Baba alikaa kwenye ule ubao wa kupandishia pikipiki akalia, mtu mzima, bila kuficha uso. Sikuwa nimewahi kumwona akilia, na kilichonishangaza ni kwamba katikati ya machozi alikuwa akitabasamu. “Ameniita,” alimwambia mama. “Umesikia? Ameniita.” Mama alimletea koti na shati la misa. Wakaishusha pikipiki, naye akaniita nilete petroli, haraka, mwanangu.

Nilikimbia. Nilikwenda moja kwa moja kwenye kulabu ya kushoto kama nilivyofanya kila asubuhi, nikashika kidumu kisicho na kitambaa. Vyote viwili havikuwa na kitambaa. Nimeirudia hatua hiyo kichwani mara nyingi kuliko nilivyowahi kusali, na kila mara nafika mahali pale, mkono wangu juu ya mshikio, nikijaribu kumsimamisha yule mtoto. Hasimami. Baba alimimina akiwa amegeuza uso, pua zimeziba kwa kilio, na jinsi uvungu ule ulivyonuka mafuta siku zote sijui kama hata mtu mwenye pua nzima angetofautisha. Kabureta ilikuwa imebaki na petroli kidogo, kwa hiyo pikipiki ikawaka. Akanigusa kichwani. Akaondoka. Nilisimama katikati ya barabara nikimpungia, nikaona pikipiki ikianza kutoa moshi mweupe, mwingi, mzuri, uliobaki hewani baada ya yeye kupotea kwenye kona. Nakumbuka nilimwinua Koleta ili naye auone.

Giza lilipokaribia, mama aliniambia nimletee mafuta ya taa. Nikaleta kidumu kilichobaki. Alikifungua, akakiinamia na koroboi, kisha akasita. Akanusa. Akanusa tena. Akakifunga taratibu, akakipeleka mbali na jiko, akarudi, akaniangalia mimi, akamwangalia Koleta na kilemba chake chekundu. Mama yangu alikuwa mwepesi wa kofi, na nilijua kofi linakuja, nikakaza shingo. Halikuja. Alikaa chini sakafuni, miguu mbele, kama akina mama wanavyokaa msibani, na muda mrefu alikuwa akisema, “Yesu wangu, Yesu wangu,” kwa sauti ndogo. Tulikaa bila taa. Mwishowe akamvua Koleta kitambaa kile, akakifunga kwenye kidumu cha taa kilichokuwa kitupu, akanivuta kwake.

“Baba yako akirudi, usimwambie,” alisema. “Nitasema ni mimi. Nitasema nilikifungua nikifue. Umenielewa?”

Nilimwambia nimeelewa. Na lazima niseme ukweli wote, kwa kuwa sitakuwa na nafasi nyingine: nilifurahi. Nilipata nafuu kama mtu aliyetuliwa ndoo ya maji kichwani. Sikufikiri kwamba ndoo ile haikuwekwa chini, ilihamia kichwani kwa mtu mwingine.

Baba alirudi siku ya nane, pikipiki ikiwa juu ya gari la mtu, kichwa chake kimenyolewa. Aliyoyasema niliyasikia nikiwa kwenye mkeka, na mengine nilisimuliwa na shangazi baadaye. Pikipiki ilienda ikikohoa mpaka katikati ya pori, ikazima mlimani. Alidhani ni plagi; akaifungua, akaisafisha, akairudisha, akapiga kiki mpaka mguu ukavimba. Miaka ile pori lile lilikuwa na majambazi, magari yalipita kwa msafara wa askari, na dereva aliyemwona mtu anapunga mkono kando ya njia aliongeza mwendo. Misafara miwili ilimpita hivyo, na shati lake la misa. Akaisukuma pikipiki mpaka jioni, akalala kwenye kijiji asichokijua, na asubuhi fundi wa pale alipofungua tangi akamwambia, mzee, humu mna mafuta ya taa. Alifika kwao saa kumi alasiri. Bibi alikuwa amezikwa saa saba. Shangazi, ambaye Mungu hakumjalia busara ya kunyamaza, alimweleza kwamba siku nzima ile ya kwanza bibi aliagiza mlango uachwe wazi, na kila pikipiki iliyopita barabarani aliuliza, “Huyo si yeye?” Wakamwambia si yeye. Ilipofika magharibi akaacha kuuliza.

Mama alimngoja amalize. Kisha akasema kwamba ni yeye aliyefungua kitambaa, kwamba alitaka kukifua, kwamba alivichanganya vidumu. Alisema kwa sauti ileile aliyotumia kueleza bei ya unga. Nilikuwa nimefumba macho nikiomba iwe zamu ya baba kupiga kelele, apige, yaishe. Baba alisema, “Basi.” Neno hilo tu. Akachukua blanketi lake akaenda kulala kwenye kabini.

Hakurudi chumbani likizo ile yote. Hakumtukana mama, hakumpiga, hakumnyima kitu, na watu wa gulioni wasingejua lolote. Alimwita Mama Adela kama zamani, ila sasa alimwita anapohitaji kitu tu. Siku moja, mama akipita na sufuria, nilimwona akitaka kumtupia mzaha mke mwenza wake, mdomo umeshafunguka, halafu akaufunga. Kazi ya kuleta kidumu baba alinipokonya. Aliifanya mwenyewe, akinusa kila mara kabla ya kumimina. Kila aliponusa mama aliangalia pembeni, nami nilimkumbatia Koleta aliyekuwa kichwa wazi. Mwisho wa mwaka lori na pikipiki vilipata wateja tofauti, kimoja kikaenda Kahama, kingine sikujua kilikoenda. Baba akawa dereva wa magari ya watu, miezi barabarani, nyumbani mgeni. Walipozeeka walirudi Lukole kwenye nusu ya kibanja iliyobaki. Walikula pamoja na kwenda misa pamoja, wakazungumzia kuku na mvua. Siri ya mtungi aijuaye kata. Aliyewaona pale barazani angesema wamezeeka vizuri.

Nami nikawa mwalimu Biharamulo, mwendo wa saa chache tu kutoka kwao. Kuwa mbali sikuwahi kuwa, kwa hiyo siwezi kujitetea kwa umbali. Nilikwenda Krismasi na Pasaka nikiwa nimebeba mchele na sukari, kama baba alivyokuwa akimtumia bibi, na niliona ninachokifanya, nikaendelea kukifanya. Kila mara nilipokuwa njiani nilijiambia safari hii nitasema. Kila nilipofika, nilimwona mama akiniangalia, nikalitafsiri jicho lake kuwa ni katazo. Kutafsiri hivyo kulinifaa.

Mwaka juzi baba aliugua kifua, nikaomba ruhusa shuleni nikaenda kumuuguza. Alasiri moja nilikuwa namnywesha uji, mama akiwa shambani. Alikisukuma kikombe pembeni, akasema kuna neno anataka nilipeleke kwa mama yangu, maana yeye mwenyewe limemshinda.

“Mwambie lile la kidumu nilimsamehe zamani,” alisema. “Mwezi haukuisha. Lakini nilikuwa nimeshatoka kitandani, Adela, na sikujua mtu anarudije.”

Nilikuwa nimeshika kikombe. Mdomo wangu ulifunguka, na maneno yalikuwa mafupi, hayafiki hata kumi. Baba, wa kusamehewa si mama. Ni mimi. Ni Koleta. Alikuwa akiniangalia kwa macho ya mtu aliyechoka aliyetua mzigo wake, nikajiambia nitakuwa mkatili nikimtwika mwingine. Nikasema, “Nitamwambia, baba.” Akafa siku ya tatu.

Mwaka jana nilipita Nyakanazi nikakuta watu wamejazana. Katikati yao palikuwa na gari kubwa jeupe la wageni, nyumba kamili, lenye kitanda, jiko na mapazia, na nyuma yake pikipiki imefungwa kwa mikanda mizuri juu ya chuma kilichotengenezwa kwa kazi hiyo. Vijana walikuwa wakipiga picha kwa simu zao. Mmoja akasema hakujua duniani kuna watu wanaosafiri na nyumba na pikipiki juu. Mimi nilitazama pikipiki ile ilivyokaa nje, upande wa pili wa ukuta, ambako inaweza kulala na petroli yake bila kumsumbua mke wa mtu, nikaingia kwenye gari langu kulia. Siku hizi kila kitu kingewezekana. Shangazi angepiga simu. Bodaboda wako kila njia panda, wanashindana kukubeba, na petroli inauzwa kwenye chupa hata kwenye vijiji visivyo na duka la chumvi. Pori halina msafara. Bibi angeonyeshwa uso wa mwanawe kwenye kioo cha simu, akasema alilotaka kusema. Tulikosa vitu hivyo kwa miaka michache tu. Nilikuwa nikijifariji kwa hesabu hiyo, kwamba kosa lilikuwa la zama, la barabara, la umaskini, la mtoto asiyejua. Faraja hiyo mama aliniondolea mwaka juzi, wiki moja baada ya mazishi, na nimezunguka kote huku kwa sababu sipendi kuifikia siku hiyo.

Wageni wa matanga walikuwa wameondoka. Mama alikuwa amekaa nyuma ya nyumba akimenya ndizi za jioni, vidole vyeusi kwa utomvu, nami nikakaa kwenye kigoda mbele yake nikampa maneno ya baba kama yalivyokuwa, kwamba alimsamehe zamani, kwamba mwezi haukuisha, kwamba hakujua mtu anarudije. Alisikiliza bila kuacha kumenya. Alimaliza ile ndizi, akaitumbukiza kwenye sufuria ya maji, akachukua nyingine. Kisha akauliza, “Na wewe ulimwambia?”

Nikasema hapana. Nikasema, “Si wewe uliyenikataza, mama?”

Ndipo aliposimamisha kisu. Hakukasirika, laiti angekasirika. Aliniangalia kwa jicho lilelile nililolikwepa kila Krismasi na kila Pasaka, na safari hii sikuwa na pa kugeukia.

“Nilikukataza ukiwa na miaka tisa, Adela,” alisema. “Ukiwa na thelathini sikukukataza.”

Akanisogezea kisu na ndizi zilizobaki, akanawa mikono, akaingia ndani. Nikamenya.